Mkondo lazima upate njia ya kurudi

Nyumbani kwetu Morogoro mita ya umeme ilikuwa barazani, juu kidogo ya mlango wa sebule, enzi zile kabla hatujawekewa LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Nyuma ya kioo chake kulikuwa na sahani nyembamba ya alumini iliyolala, yenye alama nyekundu ukingoni. Nilikuwa napanda stuli kuitazama. Ikiwaka taa moja tu, alama ile ilipotea na kukawia mpaka nachoka kuhesabu. Mama akichomeka pasi, sahani ilichangamka, na alama ikawa inapita kila baada ya muda mfupi. Kilichonishangaza zaidi ni pale pasi ilipochomolewa. Baiskeli iliyopinduliwa, ukiacha kuusukuma pedali, gurudumu huendelea kuzunguka kwa muda. Ile sahani haikuendelea. Ilitulia kama iliyoshikwa.

Nilimuuliza baba nani anaishika.

"Kuna sumaku humo ndani," alisema.

Nikamwambia sumaku haishiki alumini, kwa kuwa nilikwisha kujaribu kwa sufuria zote za jikoni. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari za Dar hadi Tunduma, hakupenda kubahatisha jambo asilolijua. Akanijibu, "Basi kasome, mwanangu, uje unieleze."

Miaka ilipita. Nilipofika mwaka wa mwisho wa uhandisi, pale Dar es Salaam, na tukatakiwa kuchagua kazi ya mradi, nilichagua swali lile la barazani: kuiga kwenye kompyuta jinsi sumaku inavyoifunga breki sahani ya alumini inayozunguka, halafu kutengeneza sahani yenyewe na kuona kama kompyuta imesema kweli. Nilidhani sehemu ngumu ingekuwa kuandika programu. Kumbe programu ilikuwa ya wiki mbili, na kuelewa nilichokiandika kukanichukua miezi mitano.

Nianze na jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Sumaku haina habari na alumini iliyotulia. Lakini sahani ikizunguka, kila kipande chake kinaingia kwenye uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, kinapita chini yake, kinatoka. Mabadiliko hayo huzaa volteji ndani ya metali, na volteji husukuma mkondo wa umeme. Hakuna waya hapo. Mkondo unajizungusha ndani ya bati lenyewe, kama maji ya mto yanavyojizungusha nyuma ya jiwe. Daftarini mwangu niliiita mikondo ya kisulisuli, na jina hilo nimebaki nalo. Mkondo ukishakuwepo ndani ya uga wa sumaku, unapata msukumo, na msukumo huo siku zote unapinga mwendo uliouzaa. Hiyo ni kanuni aliyoieleza mwanafizikia Lenz mwaka 1834. Nguvu ya mwendo inageuka joto. Mwanafizikia Mfaransa, Léon Foucault, alilionyesha hilo mwaka 1855 kwa sahani ya shaba aliyoizungusha kati ya ncha za sumaku ya umeme: ilihitaji nguvu zaidi kuizungusha, na shaba ikapata moto bila kuguswa na chochote.

Sasa programu yangu ya kwanza. Sahani ya alumini, kipenyo milimita 200, unene milimita 2. Sumaku mbili za mviringo zinazotazamana, moja juu moja chini, kipenyo milimita 25, kitovu chake milimita 75 kutoka katikati ya sahani. Uga kati yao tesla 0.1, tesla ikiwa kipimo cha nguvu ya uga. Nikachukua eneo lililo chini ya sumaku, nikazidisha upitishaji umeme wa alumini kwa kasi ya bati na kwa nguvu ya uga, nikapata mkondo. Kutoka kwenye mkondo nikapata nguvu ya breki. Kompyuta ikaniambia kwamba kasi ya sahani itapungua hadi nusu kila baada ya sekunde 0.28.

Kwa kuwa tulifundishwa kuhakiki kazi, nilihakiki. Nilijumlisha joto lote linalozalishwa ndani ya bati, nikalilinganisha na nguvu ya mwendo inayopotea. Namba zililingana mpaka tarakimu ya mwisho. Nilirudi bwenini usiku ule moyo umejaa. Nishati imehifadhiwa, nini tena?

Kesho yake nikampelekea mwalimu aliyenisimamia. Alitazama picha ya mishale ya mkondo kwenye skrini kwa muda mrefu, akaweka kidole ukingoni mwa duara la sumaku.

"Huu mkondo ukifika hapa unaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Katika programu yangu, mkondo ulizaliwa upande mmoja wa duara la sumaku, ukapita chini yake, ukafika upande wa pili, ukaishia. Kama barabara inayokatikia porini.

"Dokta, lakini nishati imelingana."

"Imelingana kwa sababu umehesabu kitu kimoja mara mbili kwa njia mbili. Mkondo lazima upate njia ya kurudi. Nenda kaitafute."

Maneno hayo nimeyabeba kuliko somo lolote la darasani. Uhakiki wangu wa nishati haukuwa na kosa, ila haukuwa na uwezo wa kuliona kosa nililolifanya. Mkondo wa uongo na joto lake la uongo vilikuwa vinapatana vyenyewe kwa vyenyewe. Kumbe kila uhakiki una makosa unayoweza kuyakamata na mengine ambayo yatapita mbele yake mchana kweupe, na inabidi uyajue yote mawili kabla ya kuutegemea.

Njia ya kurudi niliipata kwa kufuata chaji. Mkondo ukifika ukingo wa eneo la sumaku na kukosa kinachousukuma mbele, chaji chache zinajikusanya pale, na chaji hizo zinasukuma pande mbili. Zinasukuma mkondo uzunguke nje ya sumaku kurudi ulikotoka, na hapo hapo zinausukuma nyuma ule unaokuja. Picha ikabadilika kabisa. Badala ya mishale iliyokatika, niliona visulisuli viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu: kimoja mahali bati linapoingia chini ya sumaku, kingine mahali linapotoka, kimoja kikizunguka kulia na kingine kushoto, na katikati yao mkondo mnene unaopita chini ya sumaku kuelekea ukingoni au kuelekea kitovuni, kutegemea sumaku imeelekea wapi.

Sharti la mpaka nalo lilinitesa. Mkondo hauwezi kuruka nje ya ukingo wa sahani kwenda hewani, lakini kompyuta hailijui hilo mpaka uiambie. Siku mbili nzima programu yangu ilikuwa inavujisha umeme ukingoni bila mimi kujua. Nililigundua baada ya kujumlisha mkondo wote unaovuka mstari wa ukingo na kupata namba ambayo si sifuri.

Safari hii nilitafuta uhakiki ulio nje ya programu yangu. Kuna jambo moja linaloweza kuthibitishwa kwa kalamu na karatasi: sumaku ya mviringo juu ya bati jembamba lisilo na mwisho, kwa mwendo wa polepole, hutoa nusu kamili ya breki ambayo mtu angeipata akisahau njia ya kurudi. Nusu, si karibu na nusu. Nikaongeza ukubwa wa sahani kwenye kompyuta mpaka ukingo ukawa mbali sana, nikaendesha. Ikaja 0.46. Nikapunguza kwa nusu macho ya gridi, ile miraba midogo ambayo kompyuta inaligawia bati, ikaja 0.48. Nikapunguza tena, 0.49. Duara la sumaku nilikuwa nimelichora juu ya gridi ya miraba, na ngazi ngazi za ukingo wake ndizo zilizokuwa zinakula tofauti ile. Kuona namba ikipanda taratibu kuelekea mahali ninapojua inapaswa kufika kulinipa utulivu ambao zile tarakimu za kwanza zilizolingana hazikunipa.

Niliporudisha sahani kwenye ukubwa wake, nusu ile ikapungua hadi kama 0.46. Safari hii gridi haikuwa na kosa. Ukingo wa sahani uko karibu na sumaku, njia ya kurudi upande huo ni nyembamba, na mkondo unabanwa. Utabiri mpya: kasi kupungua hadi nusu kila baada ya sekunde 0.61.

Hapo ndipo nilipokwenda mtaa wa Gerezani, pale pale Dar es Salaam, kutengenezewa sahani.

Fundi niliyempata alikuwa mzee mwenye mashine ya kukereza ya zamani sana, na mkono usiotetemeka. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotaka. Alichukua kipande cha bati kwenye rundo, akakigonga kwa kucha, akakikunja kidogo pembeni.

"Hii ni ngumu, mwanangu. Hii siyo ile ya sufuria. Ya sufuria ukiikunja inakubali tu."

Nilimwambia ni sawa, mradi ni alumini. Sikuandika alichosema. Nilipaswa kuandika.

Sahani ikafungwa kwenye shafti yenye beringi mbili nzuri. Niliizungusha kwa drili hadi mizunguko 1200 kwa dakika, nikaondoa drili, nikasogeza sumaku mahali pake, huku simu ikirekodi picha 240 kwa sekunde. Nilipaka alama nyekundu ukingoni. Nadhani msomaji anajua niliitoa wapi. Kwa kasi ile alama ilikuwa inaonekana mara 12 kwa kila mzunguko, ikatosha kupata kasi kwa kila kipande cha muda.

Sahani ilichukua takriban sekunde 1 kupunguza kasi hadi nusu. Kompyuta ilisema 0.61.

Wazo la kwanza lililonijia ni msuguano wa beringi. Ni wazo linalokuja lenyewe, kwa kuwa msuguano haumo kwenye programu na upo duniani. Ila msuguano ungeifanya sahani isimame mapema zaidi, na yangu ilikuwa inachelewa. Namshukuru Mungu niliona hilo kabla sijaandika chochote kwenye ripoti. Kabla ya kumshitaki mtuhumiwa, tazama kwanza kama alikuwa anaelekea upande huo.

Wazo la pili lilikuwa baya zaidi. Kwenye programu kulikuwa na namba niliyoweza kuipunguza kidogo tu, na mistari miwili kwenye grafu ingekaa juu ya mwenzake vizuri kabisa. Usiku mmoja niliipunguza kweli. Nilitazama grafu nzuri kwa muda, nikaifuta. Ningempa baba jibu gani? Kwamba sahani inashikwa na namba niliyoichagua mwenyewe?

Nikaanza kupima kila kitu nilichokuwa nimekiamini kutoka kitabuni. Uga wa sumaku nilikuwa nimeupima kwa kitambuzi, ulikuwa sawa. Unene wa bati, sawa. Kikabaki kitu kimoja ambacho sikukipima, upitishaji umeme wa alumini. Niliutoa kwenye jedwali, simensi milioni 37.7 kwa mita, ambao ni wa alumini safi. Hapo sauti ya yule mzee ikanirudia: hii siyo ile ya sufuria.

Nilirudi Gerezani nikaomba mabaki ya bati lile lile. Mzee alikuwa ameyaweka. Nikakata ukanda wa upana wa milimita 20, nikapitisha mkondo wa ampea 5, nikapima volteji kati ya alama mbili zilizoachana milimita 300. Alumini safi ingeonyesha kama milivolti 1. Bati langu lilionyesha 1.5. Lilikuwa aloi, alumini iliyochanganywa na vitu vingine ili iwe ngumu, na vitu hivyo hivyo vinavyoipa ugumu huikwamisha elektroni njiani. Upitishaji wake ulikuwa simensi milioni 25. Kucha ya fundi ilikuwa imelijua hilo mwezi mmoja kabla yangu.

Niliweka namba iliyopimwa, bila kugusa nyingine. Kompyuta ikasema sekunde 0.93.

Tofauti iliyobaki ilinipa furaha kuliko yote, kwa kuwa haikuwa kosa la mtu. Nilipochora grafu vizuri niliona sahani inapoanza, kwa kasi kubwa, inaikaidi breki zaidi kuliko programu inavyosema, halafu inapopungua kasi mistari inakaribiana. Mikondo ya kisulisuli nayo ina uga wake wa sumaku, na uga huo unausukuma ule wa sumaku utoke kwenye bati. Kasi ikiwa ndogo hauonekani. Kasi ikizidi, unaanza kuiba breki. Kuna kasi fulani ambayo breki inafika kilele, na ukiipita, kadiri unavyokwenda mbio ndivyo sumaku inavyokushika kidogo zaidi. Kwa bati langu, kwa makadirio, kilele hicho kiko kwenye mita 32 kwa sekunde. Chini ya sumaku bati langu lilianza na mita 9.4 kwa sekunde tu, na hata hapo breki ilikuwa imeshapungua kama asilimia 8. Bati likiwa nene zaidi, au likipitisha umeme vizuri zaidi, kilele kinashuka. Mhandisi wa breki za treni analazimika kulijua hili. Mita ya barazani haina shida nalo, kwa sababu sahani yake inatembea polepole mno.

Na hapo ndipo nilipoielewa mita. Koili zake zinaisukuma sahani kwa nguvu inayolingana na umeme unaotumika, na sumaku inaizuia kwa nguvu inayolingana na kasi yake. Zinapolingana, kasi ya sahani inakuwa kipimo cha matumizi, na kuhesabu mizunguko ni kuhesabu yuniti. Ottó Bláthy, mhandisi wa Hungaria, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mita ya namna hiyo mwaka 1889. Mita iliyoandikwa mizunguko 600 kwa kilowati-saa, ukiwasha taa ya wati 60 sahani yake inamaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 100. Pasi ya wati 1000, sekunde 6. Breki ile ndiyo inayoifanya sahani ihesabu. Bila breki ingekuwa mota tu, inayopaparika kila taa inapowaka.

Nilifanya majaribio mengine mawili ambayo hayakuwemo kwenye mradi. La kwanza, nilisogeza sumaku kwenye kompyuta kutoka kitovuni kwenda nje, milimita kwa milimita. Ukienda nje bati linakwenda kasi zaidi, kwa hiyo breki inakua. Lakini ukikaribia sana ukingo, njia ya kurudi inabanwa. Vitu hivyo viwili vinavutana, na breki kali kuliko zote ilitokea kitovu cha sumaku kilipokuwa kwenye milimita 84, kama asilimia 12 juu ya pale nilipoanzia. La pili, mzee wa Gerezani alinikatia sahani nyingine na kuipasua kwa msumeno kuanzia ukingoni kuelekea kitovuni, mipasuo mingi kama meno ya kitana. Alumini ile ile, sumaku zile zile. Sahani iliendelea kuzunguka kama haijaona kitu. Visulisuli vilikosa mahali pa kujizungushia. Mzee aliizima mashine yake aje aitazame, akaniomba nimrudie mara tatu.

Likizo ilipofika nilifunga vyote kwenye sanduku la mbao, nikapanda basi la Morogoro. Baba alikuwa ameshastaafu barabara. Tulikaa barazani, mahali palipokuwa na ile mita, sasa pana alama mbili za misumari tu. Nilimweleza kuhusu visulisuli na njia ya kurudi. Alisikiliza, kisha akataka kuizungusha mwenyewe. Aliizungusha kwa nguvu, sahani ikapungua kasi bila mlio wowote, bila harufu ya breki. Mtu aliyeteremka mlima Kitonga na mzigo miaka yote ile anaijua harufu hiyo. Nikamwambia yako malori na mabasi yanayofungwa kifaa cha namna hii kwenye shafti ili breki za kawaida zisichemke mteremkoni.

Akaweka kidole ukingoni mwa sahani, akaisukuma polepole, polepole sana, kati ya sumaku mbili. Kwa mwendo ule haikumzuia hata kidogo.

"Nikisimamisha lori mlimani, hii itanishikia?"

"Hapana, baba. Ikisimama haishiki kabisa. Bila mwendo hakuna mkondo."

Alitikisa kichwa, akaendelea kuisukuma kwa kidole, safari hii akiongeza kasi kidogo kidogo, akisikilizia.

"Basi jiwe la tairi bado nalihitaji," alisema.